Mwanya kwenye Ukuta wa Magharibi

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Ramani ya shamba ndiyo hii, imekunjwa kunjwa kwa sababu bahasha za ofisini kwetu ni ndogo kuliko kazi yangu. Ikunjue mezani, uibane pembe zake kwa vikombe vitupu, halafu uisome barua hii huku unaiangalia. Nimesema vikombe vitupu. Nakujua.

Anzia gatini. Wageni wakishuka kwenye boti hawatapanda tena ule mteremko wa kokoto unaowavua viatu. Nimewachorea njia inayopanda polepole na kuzunguka nyuma ya matuta ya juu, ili waione mizabibu kwanza kabla hawajaliona bati la kiwanda chetu cha mvinyo. Kila mstari wa mizabibu utaanza na mwaridi mmoja. Si urembo tu: ukungu hushambulia mwaridi kabla ya mzabibu, kwa hiyo ukiona waridi limechafuka utajua la kufanya mapema. Mbele ya chumba cha kuonjea nimeweka kichanja cha kivuli na mabenchi ya wageni, na mtaro wa maji ya mvua unapita chini ya njia bila kuonekana.

Sasa twende magharibi, ndiko aliko mgonjwa. Ile mistari ya mwisho inaunguzwa na upepo wa chumvi kila mwaka, na hutapata zabibu pale mpaka upepo uzuiwe. Nimechora safu mbili za mivinje, bega kwa bega, kutoka juu hadi chini ya mpaka, zikifuata ukuta wa mawe alioujenga Baba. Na pale ukuta ulipobomoka, kwenye ule mwanya wa kuelekea karakana ya mapipa ya Mjomba Fundi, tutarudishia mawe na miti itapita moja kwa moja.

Niambie umeionaje. Ofisini wananitania kwamba hakuna mteja msumbufu kama mzazi. Nimewaambia huyu wangu ni laini kama siagi.

Nimekukumbuka mpaka nakasirika.

Binti yako,
Kipimo


10 Machi

Kwako Fundi,

Natumaini huko kwenye maghala hawajakuuzia mbao mbichi ukarudi kututengenezea mapipa yanayovuja kama vikapu. Huku karakana yako nimeifunga vizuri. Paka wako nimemlisha. Shukrani hana, amerithi tabia zako.

Kipimo ameleta ramani. Mtoto yule ana akili, Fundi, sijui kaitoa wapi. Tangu alipokuwa anapima meza kwa shubiri na kutugombeza kwamba imepinda, nilijua mambo yatafika huku. Kila kitu kiko mahali pake. Ila ameuziba mwanya wetu. Ameupitishia miti, safu mbili, kijani kibichi. Nimeiangalia ile mistari yake mpaka macho yakaniuma.

Uliniuliza swali siku ile unaondoka, nikakuambia subiri. Usidhani nilikuwa naringa. Umri wa kuringa umenipita. Jibu langu ninalo, na ungekuwa mwepesi ungelisoma usoni. Lakini mimi nina mtoto mmoja, na mtoto huyo mpaka leo anamtaja baba yake kana kwamba ametoka kidogo tu kwenda kuangalia mistari ya juu. Akiridhia, nitakuambia ndiyo. Asiporidhia, tutabaki majirani, utaniuzia mapipa nami nitalalamika bei. Siwezi kuingia kwenye furaha ambayo mwanangu ameachwa nje ya mlango wake.

Kesho namwandikia. Namweleza yote, bila kuzunguka. Nimepiga moyo konde.

Jirani yako


11 Machi

Kipimo mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Ramani imefika na imenikosesha kazi. Badala ya kuosha mitungi nimeshinda nikitembeza kidole kwenye njia zako. Pale kwenye waridi nimecheka peke yangu. Baba yako alikuwa anataka waridi miaka yote, mimi nikimwambia waridi hazinyweki.

Kuna jambo nataka kukuambia. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na nimeona bora niliseme leo hii kabla sijalipoza.

Ni kuhusu toroli.

Pale kwenye mwanya ndipo linapopita toroli letu. Fundi akimaliza mapipa, yanapita pale. Ukipaziba itabidi yazungushwe mpaka barabarani, na unajua lile gurudumu lilivyo. Kwa hiyo mwanya uuache. Si lazima uwe mkubwa. Upana wa toroli tu unatosha.

Mengine yote ni sawa. Ramani nakurudishia humu uirekebishe. Doa lililoko karibu na gati si kahawa. Ni chai.

Mama yako


19 Machi

Mama,

Shikamoo. Doa nimelionyesha kwa wenzangu, tumekubaliana kuliita bwawa.

Toroli halijanishawishi. Sikiliza. Ukipanda ukuta wa miti ukaacha tundu katikati, upepo wote uliozuiwa huku na huku unajikusanya na kupita palepale, tena kwa nguvu kuliko kama tusingepanda kitu. Mizabibu iliyoelekea mwanya itakauka yote. Tutakuwa tumegharamika kuwasha moto wenyewe. Gurudumu jipya nitakuletea, na pipa tupu huviringika vizuri tu barabarani, Mjomba mwenyewe alinifundisha kuliviringisha nikiwa sijafika hata urefu wake.

Au ni yeye anayeutaka mwanya? Niambie ukweli. Watu huanza na toroli, wakamalizia na lori, na baadaye mpaka wa shamba unakuwa barabara ya karakana. Sisemi Mjomba ni mtu wa hivyo. Nasema tu kwamba uko peke yako huko na una huruma nyingi.

Halafu kuna la pili, na hili halina utaalamu ndani yake. Ukuta ule ni wa Baba. Nilikuwa nampokeza mawe madogo ya kujazia, na kila jiwe alilipokea kama zawadi. Nikichora mpaka ule, mkono wangu unauchora mzima. Niache niuone mzima, hata kama ni kwenye karatasi.

Kipimo


27 Machi

Kipimo wangu,

Habari za upepo nimezielewa, umezieleza vizuri. Na huyo wa lori umemtunga wewe, mtoto. Fundi wa watu hana hata baiskeli.

Ukweli ni kwamba toroli halikuwa sababu pekee. Kuna kuku. Kuku wa Fundi huja huku asubuhi kudonoa wadudu kwenye mizabibu, bila mshahara. Ukiwazibia njia, wadudu nitawatoa mimi kwa mkono? Pia kuna kisima. Maji ya kisima chake ni matamu, yetu yana ukakasi. Pia chumba cha kukamulia zabibu kinahitaji hewa, na hewa inaingilia pale. Na paka.

Halafu mtu akiugua? Juzi juzi nilipata homa kidogo, imeshapita, usianze kukimbia kiguu na njia. Lakini nilipolala pale usiku, wafanyakazi wameshakwenda kwao, niliwaza: nikiita, nani atanisikia? Mivinje?

Basi fikiria tena. Nakuombea kila lililo jema.

Mama yako


3 Aprili

Mjomba Fundi,

Shikamoo. Anwani yako ya huko nimeipata kwa karani wa ghala la mbao. Ofisi yetu hununua mbao za vichanja kwao.

Tangu nilipojua kuita watu nimekuita Mjomba, kwa hiyo naamini utanivumilia nikisema wazi. Nimeshajua mnachokipanga wewe na Mama. Anajaribu kuficha lakini hawezi, kila barua anakuja na sababu mpya. Sina ugomvi na wewe. Siku tuliyomzika Baba ni wewe uliyenishika mkono mpaka nyumbani, na sijasahau. Lakini Mama akimpenda mtu hajui kumkatalia, na mimi niko mbali.

Kwa hiyo nauliza kwa heshima. Unataka nini hasa? Na unakusudia jambo hili liende mpaka wapi? Baba angekuwepo ungemweleza yeye. Hayupo, basi nieleze mimi.

Kipimo


12 Aprili

Mwanangu Kipimo,

Marahaba. Barua yako imenitua mzigo. Mama yako aliniambia atakuandikia, nikawa roho juu sijui utalipokeaje. Mimi siri siziwezi. Nikiwa nayo hata msumeno unakwenda upande.

Umeuliza nataka nini. Nataka kumuoa mama yako. Umeuliza mpaka wapi. Mpaka mmoja wetu amzike mwenzake, na naomba nitangulie mimi, ingawa yeye anasema hata hapo nitachelewa.

Umesema baba yako angekuwepo ningemweleza yeye. Angekuwepo kusingekuwa na la kueleza. Alikuwa rafiki yangu, na nyumba yake niliingia nikiwa nimeinamisha macho kama inavyostahili. Ilianza muda mrefu baada yake. Ule upepo mkali ulipoubomoa ukuta, nilikwenda kumsaidia mama yako kurudishia mawe. Tuliweka kama safu mbili hivi, tukapumzika, tukapiga soga. Kesho yake tukaanza kwa kupumzika. Basi ukuta hatujaumaliza mpaka leo, nasi ni watu wawili wazima wenye mikono yetu yote.

Ananicheka. Hiyo ndiyo sababu yangu, sina nyingine kubwa. Nilikuwa nimekaa miaka bila mtu wa kunicheka.

Ameniambia bila ridhaa yako hakuna ndoa, na nimekubali. Ukikataa sitakulaumu wala sitakuomba mara mbili. Shamba ni lenu, ukuta ni wenu. Ukisema tuuzibe, mawe nitayapanga mimi mwenyewe, na nitayapanga vizuri kwa heshima ya aliyeanza.

Narudi kisiwani wiki hii na mbao zangu.

Fundi


24 Aprili

Kipimo,

Fundi amerudi. Kashuka kwenye boti uso unang'aa, akaniambia, "Umemweleza vizuri mtoto, kaniandikia kiutu uzima kabisa." Nikakaa chini pale pale juu ya mbao zake. Nikamwambia sikukueleza kitu. Nikamwambia nilikuandikia habari za kuku.

Boti imekuja ikaondoka, imekuja tena ikaondoka, na barua yako haimo. Sikulaumu.

Niliogopa, mwanangu. Ile barua ya kwanza niliiandika yote kama nilivyomuahidi, nikaichana, nikaiandika ya toroli. Nilikuona unaisoma sentensi ile peke yako chumbani kwako, hakuna wa kukushika bega, nikakosa nguvu. Nikasema bora nikuombe njia tu. Nikawa najidanganya kwamba ukinipa njia, yatakayopita humo utakuwa umeyakubali bila kuumia. Ni ujinga, lakini ndio niliokuwa nao.

Baba yako sijamweka kando. Nampenda leo kama jana, na nikipogoa mistari ya juu bado namwambia mambo. Nilidhani moyo wangu umejaa, kumbe una chumba kingine nilichokuwa sikifungui. Na nimechoka kula peke yangu. Nimechoka kuonja mvinyo mpya halafu nikakosa wa kumwambia umekuwaje.

Sasa nasema wazi, na sitazunguka tena. Nataka kuolewa na Fundi. Lakini wewe ni mwanangu, na hakuna mwanamume duniani nitakayekuuza kwa ajili yake. Ukisema hapana, chora miti ipite. Sitakununia, sitakusimanga, na chakula chako ukija utakikuta mezani. Kalamu iko kwako.

Mama yako


9 Mei

Mama,

Shikamoo.

Nilikasirika, nisikufiche. Lakini si kwa Mjomba, ingawa nilimuuliza nikidhani ni habari za mpaka wa shamba, naye akanijibu za ndoa. Nilikasirikia kuku. Mimi mtoto wako wa pekee, unajificha kwangu nyuma ya kuku! Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka ofisini, nikiongea peke yangu barabarani, watu wananipisha.

Kisha nikalia, na kilio hicho kilikuwa cha Baba. Nilidhani nimekimaliza zamani. Nililia juu ya ramani ya mteja mwingine mpaka ikabidi niichore upya, nikamwambia ni bomba limevuja.

Baada ya hapo nikairudia barua ya Mjomba. Nikafika pale aliposema kesho yake walianza kwa kupumzika, nikacheka kwa sauti. Nikaikunjua ramani yangu tena ukutani. Mama, nimewachorea wageni mabenchi, kivuli, njia ya kupanda bila kuchoka, hata mahali pa kuegesha mwavuli. Nimekutafuta wewe kwenye karatasi ile nzima, sijakuona. Hakuna hata kiti kimoja nilichochora cha wewe kukaa na mtu. Nimeona aibu.

Ramani mpya imo ndani. Tazama magharibi. Safu mbili za mivinje haziko tena bega kwa bega. Moja inaanzia juu, nyingine inaanzia chini, na kwenye mwanya zinapitana, moja mbele ya mwenzake. Mtu anaingia, anatembea katikati ya miti, anakata kona, anatokea upande wa pili. Upepo hauwezi kukata kona namna ile, utagonga miti na kuchoka hapo hapo. Mizabibu itapona na mwanya utabaki. Ufundi huu ninaujua tangu chuoni. Sikuuchora kwa sababu sikutaka. Sasa nataka.

Ukuta wa Baba tutaumalizia kingo zake pande zote mbili za mwanya, uwe mlango na si maporomoko. Mawe ya kujazia nitapokeza mimi.

Uliomba upana wa toroli. Ombi hilo nimelikataa kitaalamu. Nimeweka upana wa watu wawili wanaotembea sambamba bila kubanana.

Tatizo moja limebaki. Simwiti tena Mjomba. Mjomba ni kaka yako, na tukienda hivyo kwa mfungisha ndoa atatufukuza wote. Nitamwita Baba Mdogo, nikizoea. Akiniudhi atakuwa Fundi.

Nakuja na miche, mwezi ujao, ardhi ingali na maji ya masika. Mwambie ndiyo yako kabla sijafika. Sitaki kusimama katikati yenu nikiangalia vidole vya miguu.

Nakupenda, na nimeridhia. Nimeliandika neno hilo lote, ulisome vizuri.

Kipimo


21 Mei

Kipimo wangu,

Barua nimeisomea gatini, sikuweza kusubiri. Nahodha aliniona ninavyofuta macho akadhani ni msiba, akanivulia kofia. Nikamwambia airudishe kichwani, binti yangu ameridhia. Hakuelewa, akanipa pole vilevile.

Nilikwenda moja kwa moja karakana. Fundi alikuwa anagonga pete za chuma kwenye pipa, kelele zimejaa mpaka dari. Nikasimama mlangoni nikasema, "Ndiyo." Hakusikia. Nikasema tena. Akauliza, bado anagonga, "Ndiyo nini?" Nikapaza sauti yangu yote: "Ndiyo utanioa, kiziwi mkubwa we!" Basi hapo akawa ameshaacha kugonga. Wafanyakazi wote wa shambani walisikia, walipiga vigelegele hata mimi nikajificha nyuma ya mbao. Yeye aliweka nyundo mezani akaikosa meza. Anachechemea mpaka sasa, na anacheka.

Mchana tulichukua ramani yako, kamba na vigingi, tukaipima njia yote kama ulivyoandika. Nilimsomea mimi, yeye akapigilia. Vigingi vilipokaa tukasema tuijaribu. Fundi akatangulia, mimi nikasubiri kidogo, nikamfuata nyuma, tukakata kona, tukatokea upande wa pili. Ndipo tukatazamana. Miaka yote hii tumepita pale hivyo hivyo, mmoja mbele, mwingine akivuta muda ili watu wasione. Miguu ilikuwa imeshazoea.

Nikamwambia, mtoto ameipima ya wawili. Tukarudi mwanzo. Tukaingia pamoja, tukakanyagana, mabega yakagongana, mimi mwenyewe sikujua mkono niuweke wapi. Tukarudi tena. Mara ya tatu tuliweza.

Mama yako